Kocha wa Makochi

Jina la Kocha alipewa kwa utani, naye akalipokea kama cheo. Alikuwa fundi wa makochi, na kazi hiyo aliifanya tangu ujana wake katika banda la mabati lililobanwa kati ya duka la dawa na kibanda cha kuchomelea vyuma. Siku moja mteja aliyechoka kumsikiliza akiichambua timu ya mpira wa kikapu ya mji alimwambia, "Wewe fundi, umekaa na makochi mpaka umejigeuza kocha." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Kuanzia wiki ile, mtu akimwita Fundi alichelewa kuitika. Akiitwa Kocha aligeuka hapo hapo.

Mpira wenyewe hakuwahi kuugusa. Alikuwa mfupi, tumbo limemtangulia, na akichuchumaa kupigilia msumari chini ya kiti ilibidi ashike fremu ndipo ainuke. Lakini kukosoa hakukuhitaji kuruka. Kila Jumamosi mchana timu ilipocheza nyumbani, alikuwa kwenye ukumbi wa michezo, nyuma kabisa ya benchi la wachezaji, mahali ambapo aliamini kila neno lake linawafikia. Kwake yeye waamuzi walikuwa vipofu, kocha wa kweli alikuwa mpishi aliyekosea mlango, na mashabiki wenzake walikuwa watu waliolipa kiingilio ili wapigwe na feni.

Siku za kazi ubishi ulihamia bandani. Viti havikukosekana. Makochi ya watu yaliyoletwa kubadilishwa vitambaa yalipangwa mpaka karibu na barabara, na wabishi waliyakalia bila kujali kwamba kuna mwenyewe anayeyasubiri nyumbani akiwa amekaa sakafuni. Mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani alifika kila alipomaliza vipindi, akazama kwenye kochi lolote lililokuwa na sponji nzima. Dada wa duka la dawa alikuja wateja wakipungua, akasimama na koti lake jeupe pale anapoweza kuuona mlango wake. Na kwenye kona, nyuma ya cherehani, alikuwepo Shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wa mke wa Kocha. Kiwanda cha sabuni alichokitumikia tangu alipooa kilifungwa ghafla, mvi zikiwa zimeshaanza kumtoka juu ya masikio, na dada yake akamwombea nafasi ya kujifunza kazi bandani. Dada huyo alikuwa karani wa ofisi ya maji, mwanamke asiyepandisha sauti, na alipoomba jambo aliliomba mara moja tu. Kocha alikubali, lakini alimpokea shemejiye kama mtu anayewekewa mzigo wa jirani: alimsogeza pembeni, kisha kila siku akamtazama akijiuliza ataondolewa lini.

"Ule si mkono wa ufundi," alimwambia mkewe. "Umezoea kubonyeza swichi. Kitambaa hakina swichi."

"Mkono utazoea."

"Utazoea kula, labda."

Kwa bahati mbaya, katika majuma yake ya mwanzo Shemeji alikata kitambaa cha maua akakishona juu chini, maua yote yakaangalia sakafu. Kitambaa kilikuwa cha mteja. Kocha alikinunua upya, na tangu hapo akapata hadithi ya maisha. Kila aliyeingia bandani alionyeshwa kona ile kwa kidevu. "Unamwona yule? Ndiye aliyetaka watu wakae juu ya bustani iliyopinduka." Wateja walicheka, wengine kwa adabu tu. Shemeji naye alitabasamu, akaendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano.

Msimu ule klabu ilileta mchezaji chipukizi. Alikuwa kijana mrefu kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya timu, ametoka shule moja ya mbali, mikono imening'inia kama ya shati lililoanikwa. Siku ya kwanza aliyoingizwa uwanjani, pasi ya kwanza ilimgonga kifuani ikatoka nje. Ya pili aliidaka, akageuka, akaruka chini ya kikapu bila mpinzani yeyote kumkaribia, na mpira ukagonga chuma kwa chini ukamrudia kichwani. Ukumbi ulikaa kimya kwa huruma. Kocha hakuwa na hiyo. Alisimama, akasema kwa sauti ya kutosha wote:

"Jamani, mmenunua nguzo ya umeme isiyo na umeme."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata mlinzi wa mlangoni alicheka. Kufikia mapumziko jina lilikuwa limeshashika, na kijana wa watu akawa Nguzo. Kocha alirudi kwenye kiti chake ameridhika kama mtu aliyefunga pointi zote za siku ile.

Shemeji, aliyekuwa amekaa kando yake, ndiye peke yake ambaye hakucheka.

"Mpira umemponyoka, sawa," alisema polepole. "Lakini kila ulipoanguka, alikuwepo."

"Hata nguzo huwa ipo pale pale," Kocha akasema. "Ndiyo kazi ya nguzo."

Mechi zilizofuata zilimpa Kocha raha asiyoipata kwa kitu kingine chochote. Nguzo alicheza dakika chache, akatolewa, akarudishwa, akafanya madhambi ya kitoto, akakaa benchi amejifunika taulo kichwani. Kila Jumatatu Kocha aliuigiza mchezo wote bandani, akitumia mto wa kochi badala ya mpira. Aliudondosha mto, akauangukia, akaupiga teke mpaka barabarani. Mwalimu alicheka mpaka akapangusa miwani. Wapita njia walisimama kutazama. Kochi la mama mmoja mwenye nyumba ndogo ya wageni lilichelewa sana msimu ule kwa sababu mito yake ilikuwa inacheza mpira.

Kisha, bila mtu kuweza kusema ni lini hasa, kijana akaanza kudaka. Mwanzoni ilikuwa mipira ya kawaida, pasi za kifuani. Baadaye akawa anachukua ribaundi, ile mipira inayogonga chuma na kurudi, katikati ya viwiko vya watu wazima, anateremka nayo, anaitoa mara moja kwa aliye huru. Kocha wa timu akamwacha uwanjani dakika nyingi zaidi. Taulo halikuonekana tena kichwani.

Ubishi wa bandani ukabadilika ladha. Jumatatu moja Mwalimu alifika na hesabu zake kichwani, akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Kocha, leo nina takwimu. Mechi za karibuni, wastani wa ribaundi za huyu kijana ni mara mbili ya mechi za mwanzo."

"Mara mbili ya sifuri ni ngapi, Mwalimu?"

"Hakuwa na sifuri."

"Ukikokotoa vizuri utaikuta."

Dada wa duka la dawa alikuwa ameegemea nguzo ya banda, mikono mifukoni. "Mimi sijui wastani," alisema. "Ninaangalia anavyotua. Zamani akiruka alitua kama gunia lililodondoshwa. Siku hizi akitua, tayari ameshajikunja kuruka tena."

Kocha alibenua midomo. "Dada yangu, wewe uza vidonge. Mtu akikohoa unajua umpe nini. Huyu hakohoi."

"Na wewe unatengeneza viti, lakini hujawahi kutulia kwenye hata kimoja."

Mwalimu alicheka, na Kocha akamtazama kwa jicho la pembeni mpaka kicheko kikafa. Kisha akaanza kuwafundisha. Timu walizokutana nazo karibuni zilikuwa dhaifu, alisema. Ile moja isiyokuwa dhaifu, mchezaji wao mkubwa alikuwa na homa, na kama hakuwa na homa basi alikuwa na mawazo, maana ilionekana machoni. Chuma cha kikapu cha kaskazini kimelegea, mpira ukikigusa unaingia wenyewe. Na waamuzi sasa wanamwonea huruma. Alivyozidi kueleza ndivyo sababu zilivyozidi kuongezeka, na hakuna hata moja kati yake iliyomhusu kijana mwenyewe.

"Labda ni kitu kidogo tu," Shemeji alisema kutoka kwenye kona. Wote waligeuka, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujichomeka kwenye maneno. "Mwanzoni alikuwa anafikiria. Mpira ukija, mkono ulisubiri uambiwe. Siku hizi mkono umeacha kusubiri."

Alikuwa anashona ukingo wa mkono wa kochi alipokuwa akisema hayo, pale kitambaa kinapozunguka kona na mafundi wengi huhangaika nacho. Macho yake yalikuwa kwa Mwalimu. Vidole vilikuwa vinavuta uzi, vinaweka mkunjo, vinavuta tena, na mikunjo ilifuatana sawasawa kama meno ya kitana.

Kocha aliiona. Aliiona vizuri kuliko wote waliokuwepo, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kona ile inavyosumbua.

"Wewe angalia maua yako," alisema.

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Dada wa duka la dawa hakucheka kabisa. Alimwangalia Shemeji, akamwangalia Kocha, akasema kuna mteja mlangoni kwake, ingawa hakukuwa na mtu.

Jumamosi iliyofuata walikutana na timu iliyoongoza ligi. Nguzo alimzuia mchezaji wao tegemeo mara ya kwanza, watu wakaguna. Alipomzuia mara ya pili, kijana mmoja juu kule kwenye ngazi akapiga kelele, "Umeme umerudi," kwa ile sauti ambayo mtaa mzima huitoa taa zinapowaka baada ya giza. Ukumbi ukaipokea. Kila mara Nguzo alipogusa mpira, watu wote kwa pamoja wakaimba: umeme umerudi, umeme umerudi. Kocha alimgeukia mtu wa kulia kwake akamweleza kwamba neno lile la nguzo na umeme ni lake, yeye ndiye mwanzilishi, na watu wamelichukua wakalipindua. Mtu yule alikuwa anaimba, hakumsikia. Akamgeukia Shemeji upande wa kushoto. Shemeji alikuwa amesimama, anaimba pia, si kwa sauti kubwa, mikono nyuma kama mtu aliye kanisani.

"Mpaka wewe," Kocha akasema.

"Si ni neno lako, shemeji? Nalisaidia."

Baada ya hapo Kocha alipandisha bei ya dharau. Alipokuwa na kazi nyingi zaidi, na mgongo ukimsumbua, alimwachia Shemeji viti vya yule mama wa nyumba ya wageni, seti nzima, akamwambia asivikaribie na maua. Kisha akalala chali kwenye kochi la mteja mwingine na kutoa maelekezo ambayo hayakuhitajika. Shemeji alifunga mikanda ya chini, akakaza springi, akakata sponji kwa kisu kirefu alichokuwa akikinoa mwenyewe, akapiga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja, akirudi nyuma kila mara kuangalia kama vimesimama mstari mmoja. Kocha alimtazama akitafuta mahali pa kusema. Mwisho akasema vifungo ni vingi mno.

Mama wa nyumba ya wageni alikuja na gari la mizigo kuvichukua. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye haraka, asiyesifia kitu ovyo kwa kuogopa kupandishiwa bei. Alikaa kwenye kiti cha kwanza, akapitisha kiganja kwenye mikono yake, akainuka, akakaa kwenye cha pili. Haraka yake ikamwisha.

"Kocha," alisema, "vile vya zamani ulivyonitengenezea vilichana suruali za wageni wangu, nikawa naomba radhi asubuhi na jioni. Hivi mtu anaweza kusahau kuondoka. Mikono hii umeitoa wapi?"

Shemeji alikuwa amesimama karibu, kopo la gundi mkononi. Alisubiri tu.

"Uzoefu, mama," Kocha akasema.

"Na huyu ndugu ndiye yule wa bustani?"

"Ndiye huyo. Tunamvumilia hivyo hivyo, ni ndugu wa mke."

Mama alicheka. Shemeji aliweka kopo chini, akafunika mfuniko wake, akajifuta gundi kidole kimoja kimoja kwa kitambaa chenye petroli. Kisha akavibeba viti kwenye gari, kila kimoja akikiinamisha ili mguu usigonge ubao. Kocha alihesabu ile kuwa ni siku njema. Jioni alimsimulia mkewe jinsi mama wa nyumba ya wageni alivyosifia viti vyake. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alimtazama muda mrefu kuliko hadithi ilivyostahili, akaendelea kukunja.

Siku chache baadaye Shemeji alifika bandani mapema, lakini hakuvaa koti la kazi.

"Shemeji, nimepata mahali. Pale chini kwenye karakana ya viti vya mabasi."

Kocha hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akikichora kwa chaki. "Wamekuona ukifanya nini?"

"Wamenipa kiti, nimekishona wakiwa wamesimama."

"Viti vya basi," Kocha akasonya. "Hata mtoto anavishona. Watu wanaovikalia wanafikiria kushuka tu. Sikiliza, wakikurudisha, usije Jumatatu. Jumatatu huwa nina kazi. Njoo Jumanne."

Shemeji alitikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomkera Kocha zaidi.

"Wewe shemeji," alisema Shemeji, "mpira ukiingia kikapuni mbele ya macho yako, utasema kikapu ndicho kilichosogea." Akaagana naye kwa mkono, kwa heshima zote, akaondoka.

Kocha aliwaambia wote kwamba ataonekana tena kabla ya mwezi kuisha. Mwezi ulikwisha. Mwalimu alikuja mara mbili tatu, akakuta hakuna wa kubishana naye ila mwenye banda, na kubishana na Kocha peke yake kulikuwa kama kusahihisha daftari la mwanafunzi ambaye hajaandika kitu. Ikasikika kwamba jioni Mwalimu huwa anapita karakana ya mabasi, ambako viti vilivyokamilika hupangwa safu mbili mbili uani, na watu hukaa humo kama abiria wasiokwenda popote, wakibishana. Dada wa duka la dawa hakuweza kuhama, maana duka lilikuwa pale pale. Alimsalimia Kocha kutoka mlangoni kwake, asubuhi na jioni, kwa adabu, na hakuvuka tena.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa ya nusu fainali, nyumbani. Kocha alikwenda peke yake. Nguzo alicheza karibu mchezo wote, na mtu yeyote mwenye macho angesema alikuwa bora kuliko wote waliokuwa uwanjani. Alifunga, alizuia, alianguka akainuka. Timu yake ilipoteza kwa pointi moja, kikapu cha sekunde za mwisho kutoka kwa mchezaji ambaye hata hakuwa wake kumlinda. Kengele ilipolia, ukumbi mzima ulisimama na kumpigia makofi yule kijana, naye akabaki katikati ya uwanja ameshika kiuno, hajui aelekee wapi. Kocha alibaki amekaa, anatazama migongo ya watu.

"Wanampigia makofi aliyeshindwa," alisema. Hakukuwa na wa kumjibu.

Wakati wa kutoka, umati ulimsukumia kwenye njia nyembamba inayopita vyumba vya kubadilishia nguo, na pale akamkuta. Kijana alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, mfuko wa barafu umefungwa kwenye goti, mguu mmoja umenyooka mpaka ukaziba njia. Kwa karibu alionekana mdogo sana. Alikuwa na chunusi kwenye paji la uso.

Kocha alisimama. Msimu mzima aliamini kwamba kijana huyu anamjua, kwamba kila alipodaka mpira alikuwa anamjibu yeye. Alitafuta la kusema.

"Mkono wako wa kushoto," alisema hatimaye. "Unauchelewesha."

"Eti, mzee?"

"Wa kushoto. Unachelewa kuuinua."

Kijana alimtazama kwa ile subira ambayo vijana huwatunzia wazee wanaouliza njia. "Sawa, mzee," alisema. Kisha akaona kwamba mguu wake umeziba. "Ulikuwa unapita?"

"Napita," Kocha akasema. Kijana akauvuta mguu, na Kocha akapita.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa halijazama. Sebuleni alikuta kochi asilolijua. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni lao wenyewe, lile walilopewa siku ya harusi, ambalo lilichanika tangu binti yao alipokuwa anatambaa na likafunikwa shuka mwaka hadi mwaka kwa sababu fundi hakuwa na nafasi. Sasa lilikuwa limevaa kitambaa cha kijani kilichokolea, kimekazwa bila mkunjo hata mmoja, na mikono yake imezungushwa kwa ile mikunjo ya meno ya kitana. Hakuhitaji kuambiwa ni kazi ya nani. Mkewe alikuwa jikoni; alisikia sufuria ikigonga jiko.

Kocha hakulikalia. Alivua viatu, akalizunguka, akapitisha kidole kwenye kila mshono kutoka mwanzo hadi mwisho. Akalivuta mbali na ukuta akatazama mgongo. Akaleta tochi. Mwishowe akalipindua, miguu juu, akalala ubavu sakafuni, akaanza kukagua pini zilizoshikilia kitambaa cha chini, moja baada ya nyingine, akihema. Upande wa nyuma, karibu na kona ambayo hakuna mtu angeiona mpaka nyumba ibomolewe, alikuta pini moja imeingia mshazari.

"Mke wangu," aliita. "Njoo uone."

Mkewe alikuja akifuta mikono kwenye khanga. Aliangalia mahali tochi ilipomulika. Akamwangalia mumewe alivyolala pale chini, vumbi limemkaa begani na uso umemng'aa.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Unaiona hiyo pini?"

"Naiona. Ligeuze, nataka kukaa."

Aliligeuza, kwa shida, peke yake. Mkewe alikaa, akainua miguu, akaegemea mkono wa kochi na kufumba macho. Kocha alisimama kidogo katikati ya sebule, tochi ingali inawaka. Kisha naye akakaa, pembeni kabisa, kwa tako moja.

"Sponji yenyewe ni laini mno," alisema. "Haitafika mwakani."

Mkewe hakufumbua macho.